Fundi Vioo na Mtoto wa Serikali

Imetamkwa rasmi, na mamlaka inayohusika na afya ya mama na mtoto, kwamba baba ni mlezi kamili wa mtoto mchanga tangu dakika anayozaliwa. Kwamba hakuna kazi ya malezi inayomshinda baba, ukiondoa kunyonyesha. Na kwamba baba yeyote atakayefika kliniki akiwa amembeba mwanawe ahudumiwe kwanza, kabla ya akina mama wote waliomtangulia, ili wenzake wapate moyo. Tamko lilisomwa redioni kwa sauti nzito, likachapwa, likasambazwa. Katika kliniki tunayoizungumzia lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mizani, kwa gundi nyingi, na muuguzi ambaye hakuwa na kawaida ya kubandika kitu ili kije kibanduke. Lilikaa pale mpaka wino ukaanza kupauka kwa jua, na katika muda wote huo hakuna baba aliyelisumbua.

Muuguzi huyo ndiye aliyekuwa akitoa somo la asubuhi. Kabla mizani haijafunguliwa alisimama mbele ya mabenchi akiwa na beseni, taulo na mwanasesere mmoja mkubwa, akawaonyesha akina mama jinsi ya kumwogesha mtoto mchanga, kumfunga shali, kumlaza na kumcheulisha. Mwanasesere alikuwa na kichwa cha plastiki, mwili wa kitambaa kizito uliojazwa mchanga ili uzito wake ukaribiane na wa mtoto, na macho yaliyofumba yenyewe akilazwa na kufumbuka akiinuliwa. Akina mama walimwita Mtoto wa Serikali, kwanza kwa sababu alikuwa na mhuri wa stoo kwenye tako la kushoto, na pili kwa sababu hajawahi kulalamika kwa lolote alilotendewa.

"Mtoto ni utaratibu," muuguzi alihitimisha kila mara. "Akishiba, akiwa mkavu, akiwa na joto lake, atalala. Asipolala, kuna hatua mmeiruka."

Akina mama, ambao wengi wao hawakuwa wamelala, waliitikia kwamba wamesikia.

Kisha muuguzi naye akajifungua. Mtoto alikuwa mzima, mwenye mapafu yasiyo na mfano, na hakuwa amehudhuria somo hata moja. Alishiba, akawa mkavu, akawa na joto lake, akalia. Mama yake alirudia hatua zote tangu mwanzo, moja baada ya nyingine, asiruke hata moja, na mtoto naye akalia tangu mwanzo, asiruke hata moja. Wiki ya kwanza haijaisha, muuguzi alionekana amekaa ukingoni mwa kitanda akimtazama mwanawe kama mwanafunzi hodari anavyotazama mtihani uliotungwa na mtu mwenye kinyongo. Ndani ya nyumba mtoto alianza kuitwa Mheshimiwa, kwa kuwa alipotoa sauti wote walisimama.

Mama yake muuguzi akaja kusaidia. Alisema amekuja kwa siku mbili tatu, na akateremsha mizigo iliyosema vingine. Alikuwa amelea watoto wengi, wake na wa watu, na katika kulea huko alikuwa amegundua kwamba adui wa mtoto mchanga ni mmoja tu, naye ni upepo. Njaa, nepi, joto, hayo yote kwake yalikuwa visingizio. Siku aliyofika alizunguka nyumba nzima akafunga madirisha, kisha akayaziba kwa mashuka. Jambo hilo lilimgusa mwenye nyumba kwa namna ya pekee, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa fundi wa vioo, na madirisha yale makubwa ndiyo yaliyokuwa tangazo la kazi yake.

Mwenye nyumba, ambaye ndiye baba wa Mheshimiwa, mtaani walimwita Taratibu. Alipokuwa akivusha kioo, kimefungwa blanketi kuukuu na kusimamishwa kwa ubavu begani, alikwenda mwendo wa bwana harusi huku akisema kwa sauti ya chini, "Taratibu, taratibu jamani," na watu, baiskeli, hata mbuzi wakampisha. Alibeba vioo vya maduka, vipana kama ukuta, akavipandisha ngazi, akavipitisha kwenye milango ambayo mwenye akili zake angeitazama akarudi nyumbani. Hakuwahi kuvunja kioo cha mteja. Kama kulikuwa na mtu mmoja ambaye mji mzima ungemkabidhi kitu kinachovunjika na kwenda zake bila kugeuka nyuma, alikuwa ni yeye.

Mwanawe hakuwahi kumbeba.

Hakunyimwa kwa ubaya. Siku mtoto alipoletwa nyumbani alinyoosha mikono, na mama mkwe akaitazama mikono hiyo. Ilikuwa na makovu membamba, mengi kama nyuzi, na plasta mpya kwenye kidole gumba.

"Mikono hii, baba, ina vipande," mama mkwe alisema, kwa upole na heshima anayostahili mkwe.

"Nimenawa, Mama."

"Umenawa nje. Vipande viko ndani."

Muuguzi, ambaye katikati ya mama na mume alitafuta njia ya kitaalamu, aliamua kwamba baba atambeba mtoto baada ya kufuzu. Hata akina mama kule kliniki huanza na mwanasesere. Akaomba ruhusa kazini, na Mtoto wa Serikali akaazimwa kwa muda wote wa likizo, maadamu somo lenyewe lilikuwa limesimama. Kuanzia hapo nyumba ikawa na watoto wawili: mmoja wa kulia, mmoja wa kujifunzia.

Mafunzo yalifanyika sebuleni fundi akirudi kazini, beseni juu ya meza, muuguzi kwenye kochi amejiegemeza mito.

"Umemzamisha," alisema muuguzi.

"Amepita tu majini, mke wangu. Mara moja hivi."

"Mtoto hapiti majini, anaogeshwa. Umeachia shingo."

"Shingo yake ya plastiki. Imekaza."

"Ya mwanao haijakaza. Anza upya."

Mama mkwe akapita na Mheshimiwa begani, akachungulia beseni. "Na yule wa jana naye alizama?"

"Ni huyu huyu, Mama," fundi alijibu.

"Maskini. Angekuwa na pa kushtaki."

Shida kubwa ilikuwa namna ya kubeba. Mikono ya fundi ilikuwa na elimu yake, na elimu hiyo ilisema kwamba kitu cha thamani husimamishwa kwa ubavu, hakilazwi, kwa sababu kikilazwa uzito wake wenyewe hukipasua. Kila alipopewa Mtoto wa Serikali alimsimamisha begani na kuanza kwenda kwa hatua za pembeni, akitazama huku na huku kama anayetafuta pa kuegemeza.

"Mtoto si kioo," muuguzi alisema.

"Najua. Kioo kinabebeka."

Somo likiisha, mama mkwe alimchukua Mtoto wa Serikali, bado amefungwa shali yake, akamweka kabatini juu ya rafu, kati ya mashuka, akafunga mlango. Alisema hapendi kutazamwa na kitu kisichopepesa. Tena kilikuwa mali ya watu, kisije kikapotea.

Kazi nyingine zote fundi aliruhusiwa. Alifua nepi, akazianika, akazianua mvua ikitishia, akazianika tena. Alichemsha maji, akapoza maji, akaambiwa yamepoa mno. Usiku alikuwa mtu wa kuulizwa, "Umesikia?" na kujibu kwamba amesikia. Mchana alifanya kazi akiwa katika hali ambayo wateja waliiheshimu bila kuielewa. Siku moja alikuwa amesimama ndani ya duka la mtu, ameshika kioo kipya mbele ya fremu, uso umekielekea, kimya, kwa muda mrefu. Mwenye duka alisubiri. Mwishowe akasogea.

"Fundi, umelala?"

"Naangalia kama kimenyooka."

"Macho umefumba."

"Ndiyo kipimo chenyewe."

Kioo kilikuwa kimenyooka. Mwenye duka alisimulia mtaani kwamba Taratibu sasa amefika kiwango kingine.

Karakana yake ilipakana na ya seremala aliyemtengenezea fremu, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa na watoto wakubwa na maoni juu ya kila jambo.

"Taratibu, mtoto anafanana na nani?" aliuliza siku moja akipiga randa.

"Na mama mkwe, akikasirika."

"Nani amekasirika?"

"Yeyote kati yao."

"Mzito?"

Fundi akaendelea kufuta kioo.

"Nakuuliza wewe. Mtoto mzito?"

"Sijui."

"Hujui uzito wa mwanao?"

"Sijambeba bado. Niko kwenye mafunzo."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya kumbeba."

Seremala alimtazama, akafungua mdomo, kisha akachukua randa yake akaendelea na ubao. Fundi angependa zaidi kama angecheka.

Jioni hiyo aliingia kwenye mafunzo kwa ari mpya. Akamwogesha Mtoto wa Serikali akimshika shingo, akamkausha kwenye mikunjo yote, akamfunga shali mpaka akawa kama barua. Alifanya hivyo jioni baada ya jioni, hadi mikono yake ikaujua ule mzigo kama ilivyojua almasi yake ya kukatia kioo: uzito wake, mahali unapolalia, jinsi unavyotulia kifuani. Hatimaye muuguzi, baada ya kumtazama kutoka maji ya kwanza hadi fundo la mwisho, alisema, "Sawa." Halikuwa neno la furaha, lakini kliniki nzima ilijua kwamba hilo ndilo neno lake la juu kabisa.

Siku ya kupima uzito ikafika. Muuguzi alikuwa hajalala kwa kiasi kwamba alianza kuziambia samani samahani alipogongana nazo.

"Mama, leo mtoto atapelekwa na baba yake," alisema asubuhi.

"Baba yake yupi?"

"Ana mmoja, Mama."

"Huyu?"

"Amefuzu. Halafu kuna tamko."

"Aliyelitoa hilo tamko ameshawahi kukutana na upepo?" Mama mkwe aligeukia dirisha lililozibwa, kama anayemtaja mtu aliyepo. "Ningemsindikiza mwenyewe, lakini goti langu na kile kilima hawasalimiani tena."

Fundi alisimama pale amevaa shati la kwendea kwa watu, amelipiga pasi mwenyewe, akisubiri kama mshtakiwa anayesikia majaji wakijadiliana kwa lugha yake.

Ruhusa ilitoka, ikiwa na masharti. Mama mkwe alitaka uso wa mtoto ufunikwe tangu mlangoni mpaka mizani, usifunuliwe njiani hata akitaka kuonyeshwa nani. Asitikiswe. Asipitishwe penye kona za upepo. Muuguzi alitaka simu izimwe sauti, ili isimwamshe, na baba anawe mikono mpaka viwikoni. Kisha akataka marudio ya mwisho. Fundi akamfunga Mtoto wa Serikali kwa shali, mke wake akaangalia, akatikisa kichwa kukubali, na usingizi ukamchukua kichwa kikiwa kinashuka.

Shali zenyewe zilikuwa mbili, rangi moja ya maziwa, kitambaa kimoja, kwa kuwa muuguzi alifundisha kwamba moja huvaliwa na nyingine hufuliwa. Mama mkwe naye alikuwa amemaliza kumfunga Mheshimiwa, ambaye alikuwa ameshiba na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ameamua kulala wakati watu wanataka alale. Akamlaza kwenye kochi mbele ya macho ya fundi, akaenda jikoni kufunga mkoba. Fundi akamweka Mtoto wa Serikali kwenye kiti chenye mikono pale pembeni, akaenda uani kunawa mpaka viwikoni.

Wakati ananawa, muuguzi alizinduka. Akaona mtoto kwenye ukingo wa kochi. Mtoto mchanga haachwi ukingoni mwa kochi. Alikuwa ameyasema hayo mara zisizohesabika, na mikono yake iliyafuata bila kumshirikisha. Akamhamishia Mheshimiwa kwenye kiti, ambacho kina kingo, akampeleka Mtoto wa Serikali kwenye kochi, kwa kuwa yeye akianguka hakuna hasara. Halafu akaingia chumbani, akaanguka kitandani na kulala kama gogo. Alifuata kanuni, na alipokuja kuulizwa baadaye hakukana.

Fundi alirudi mikono ikichuruzika. Mtoto alikuwa kwenye kochi, pale pale alipolazwa. Akamfunika uso kama alivyoagizwa, katika kiza cha madirisha yaliyozibwa, akamwinua, akamweka kifuani.

Hapa msomaji atauliza inakuwaje mtu asimjue mwanawe. Ukweli ni kwamba fundi aliujua mzigo ule vizuri sana. Uzito ulikuwa ule ule, ulilalia mahali pale pale, ukatulia kifuani vile vile. Mikono yake haikuona sababu ya kushtuka, kwa kuwa katika maisha yake yote haikuwahi kubeba mtoto mwingine.

"Umemfunika uso?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni.

"Nimemfunika, Mama."

"Mkoba uko mlangoni. Nenda, baba. Kona ya duka la mkate usipite."

Alikwenda mwendo wake wa bwana harusi, na barabara ikampisha kwa mazoea. Mtoto hakutoa sauti. Fundi alianza kuamini kwamba huenda damu imetambuana, kwamba mtoto alikuwa akilia mikononi mwa wengine kwa sababu walikuwa wengine. Hakuwahi kuwa mtu wa majivuno, lakini alipofika kwenye karakana alipunguza mwendo bila sababu ya kiufundi.

Seremala akainua kichwa. "Leo umembeba."

"Nimembeba."

"Ehe. Mzito?"

"Wa wastani," fundi alisema. "Ametulia."

"Hebu tumwone."

"Upepo," fundi akasema, akapita.

Kliniki ilikuwa imejaa. Alipotokea mlangoni, mazungumzo kwenye mabenchi yalififia.

"Jamani, baba," mmoja alisema.

"Amepotea njia."

"Ana mtoto."

"Mama yake yuko wapi? Isije ikawa amefariki."

"Afariki nini, huyu si mume wa Sista, yule anayetuambia tumeruka hatua?"

Muuguzi wa zamu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alitoka chumba cha mizani. Alimtazama fundi, akageuka akautazama mlango, akapitisha kidole juu ya maandishi yaliyopauka kama anayesoma jina kwenye kaburi.

"Akina mama, samahani," alisema. "Kwa mujibu wa tamko, baba akija na mtoto anahudumiwa kwanza."

"Toka lini?" aliuliza mama wa mapacha, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, pacha mmoja mgongoni na mmoja pajani.

"Toka zamani. Ila hawakuja."

"Mimi nimebeba wawili. Tamko langu liko wapi?"

"La kwako halijatoka, dada. Baba, karibu."

Fundi aliomba radhi benchi zima, akapita. Mlango ulibaki wazi, na wote walioweza kunyoosha shingo walinyoosha, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza na hakuna aliyejua kama kungekuwa na ya pili. Akamlaza mtoto kwenye sinia la mizani kwa utaalamu uliowafanya baadhi waguse wenzao. Akafungua fundo. Akafunua shali, upande wa kulia, upande wa kushoto, kama alivyofundishwa.

Muuguzi wa zamu aliinama. Akapitisha mkono chini ya shingo, akainua kidogo. Macho yakafumbuka kwa mlio.

"Huyu namfahamu," alisema.

Fundi alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilichelewa kupata habari.

"Ni wetu huyu," muuguzi akaendelea, na kwa kuwa alikuwa mtu makini alimgeuza akaangalia tako la kushoto. "Ndiyo."

Benchi la mbele likalinong'oneza la kati, la kati likaliambia la nyuma, na la nyuma ndilo lililoanza. Kulikuwa na akina mama pale ambao hawakuwa wamecheka tangu wajifungue, na wengine ambao mishono haikuwaruhusu, wakashika matumbo wakaendelea hivyo hivyo.

"Sista," mama wa mapacha aliita, "na uzito wake vipi?"

"Haujabadilika."

Lakini fundi hakuwa akisikia tena. Alikuwa anahesabu kinyumenyume. Kama huyu ndiye aliyekuwa kwenye kochi, basi mtoto ndiye aliye kwenye kiti. Na kitu kilichobaki kwenye kiti, kimefungwa shali baada ya mafunzo, mama mkwe hukichukua bila kukitazama, hukiweka kabatini na kufunga mlango. Simu yake aliyoizima sauti ilikuwa imejaa majina ya watu wa nyumbani. Hakupoteza muda kupiga.

"Mwache huyo hapa," muuguzi wa zamu alimwambia mgongo wake uliokuwa unatoka. "Ameshafika kwao."

Mtaa ule ulikuwa haujawahi kumwona Taratibu akikimbia. Watu waliruka pembeni na kutazama nyuma yake wakitafuta kioo.

Alimkuta mama mkwe sakafuni mbele ya kabati, mlango wa kabati uko wazi, mashuka yamemwagika, Mheshimiwa mapajani mwake yuko macho na anaonekana kuwa na kumbukumbu. Mama mkwe hakuinua uso.

"Amepiga chafya, baba," alisema taratibu.

"Wapi, Mama?"

Mama mkwe akatazama rafu.

Fundi akakaa sakafuni naye. Mama yule alikuwa amelea watoto wengi kwa njia nyingi, lakini hakuwahi kumhifadhi hata mmoja kabatini.

"Mlango ulikuwa umefungwa?" fundi aliuliza.

"Ndiyo kwanza nilikuwa nausukuma."

"Basi hakupata upepo."

Mama mkwe alimtazama aone kama amekosewa heshima. Hakuona dalili. "Nimekupigia simu," alisema.

"Nilikuwa nimezima sauti. Niliagizwa."

Muuguzi akatokea mlangoni mwa chumba, nywele zimesimama, alama ya mto shavuni. Aliangalia kabati, akaangalia mama yake, mume wake, mtoto, na mahali ambapo Mtoto wa Serikali hakuwepo. Alikuwa amezoea kupokea wagonjwa wasioweza kujieleza, kwa hiyo hakuhitaji maelezo marefu.

"Nani alimtoa kwenye kochi?" aliuliza.

Akafikiri kidogo.

"Ni mimi," alisema.

Kisha akasema, "Mama, mpe baba yake."

"Huyu aliyempeleka mwanasesere kupimwa?"

"Huyo. Mimi nimemhamisha, wewe umemtia kabatini. Kati yetu watatu ndiye pekee ambaye leo hajamgusa."

Mama mkwe akamnyonyesha mtoto kidole kumtuliza, akamfuta vumbi la kabati kwenye pua, akanyoosha mikono.

Hakuwa kama yule mwingine hata kidogo. Alikuwa na joto upande mmoja kuliko mwingine. Uzito wake haukukaa mahali. Ulikwenda huku, ukarudi, ukasukuma, ukawa mwepesi ghafla, ukawa mzito. Ndani ya shali kulikuwa na magoti. Mafunzo yote yalimtoka fundi kwa mara moja, na alichobaki nacho ni kile alichokuja nacho duniani: akamsimamisha kwa ubavu begani, mkono mmoja nyuma ya shingo, na kuanza kwenda kwa hatua za pembeni.

Muuguzi alifungua mdomo kumsahihisha. Akaufunga.

"Mnyonyeshe kwanza, ndipo niende," fundi alisema.

"Uende tena?"

"Hajapimwa."

Alinyonyeshwa, akafungwa upya, na mama mkwe akavuta pembe ya shali kumfunika uso.

"Mwache wazi, Mama," muuguzi alisema. "Safari hii aonekane ni nani."

Fundi aliporudi kliniki, mabenchi yalimpokea kama msanii aliyeitwa jukwaani mara ya pili.

"Taratibu, huyu ni yupi?"

"Ana betri?"

Muuguzi wa zamu alitoka, akamwinamia mtoto, akasubiri mpaka Mheshimiwa akapiga miayo. "Anapumua," aliwatangazia wote. "Haya, akina mama, kwa mujibu wa tamko..."

"Ngoja, Sista," mama wa mapacha alisema. Alikuwa ameshapimiwa pacha mmoja na alikuwa akimsubirisha wa pili mpaka nepi ibadilishwe. "Baba huyu leo ameshahudumiwa kwanza. Sote tumeona. Tamko linasema kwanza, halisemi kila akienda akirudi."

Muuguzi wa zamu akaurudia mlango. Alisoma tamko lote, mpaka chini kwenye jina la aliyetia saini, akavua miwani.

"Ana hoja," alisema. "Lakini, baba, ukisisitiza..."

"Sisisitizi," fundi alisema. "Nitasubiri."

Akakaa mwisho wa benchi la nyuma. Mtoto alikuwa begani mwake, kichwa kimeingia kwenye shingo, pumzi fupi fupi zikimpiga chini ya sikio. Hapakuwa na mtu wa kumwambia amemshika vibaya. Baada ya muda Mheshimiwa alikumbuka desturi yake, akaanza kulia, na mikono ikanyooshwa kutoka pande zote.

"Lete nikusaidie, kaka."

"Mpe mama pale, ana uzoefu."

"Hapana," fundi alisema. "Asanteni. Niachieni tu."

Akasimama, akaanza kwenda kati ya benchi na ukuta, hatua za pembeni, akisema kwa sauti ya chini maneno yale aliyokuwa akiyaambia mitaa yote. Hayakusaidia. Mtoto alilia mpaka alipotosheka, kisha akacheua maziwa, na shati la kwendea kwa watu likapokea tangu kola hadi mkanda.

"Gesi tu ilikuwa," mama mmoja alisema.

Alikaa tena. Mtoto akalala. Akina mama wengine wakaingia, na kila aliyefika akitafuta mwisho wa foleni alikuta fundi amejisogeza kumpisha.

"Tangulia, dada."

"Si wewe ulifika kabla yangu?"

"Tangulia tu."

Wengine walidhani ni ustaarabu. Mabenchi yakapungua, jua likahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, mwanamke wa usafi akaanza kumwaga maji mlangoni. Muuguzi wa zamu akatokea akikunja kitambaa cha mizani.

"Fundi, umebaki wewe."

Fundi akaangalia nje. "Hakuna mwingine anakuja?"

"Tunafunga."

Akainuka polepole ili asimwamshe, akaingia. Hivyo baba wa kwanza kufika kliniki ile na mtoto, tangu tamko libandikwe, alihudumiwa wa mwisho.